Kabla Hujawaambia Wafunge Maoni

Mtaa wa Juba Na Bari, Juba
Jumamosi, 13 Juni, alasiri

Keji mwanangu,

Umetoka kwenda kusukwa sokoni Konyokonyo na umeniambia nisikungoje kwa chakula, kwa hiyo nina saa tatu, labda nne kama msusi wako ni yule anayependa hadithi. Nimefunga mkahawa mapema. Wateja wawili wamegonga, nikawaambia kupitia dirishani, "Leo hakuna maharagwe. Mwanangu anaenda Nairobi kufanya kazi redioni." Mmoja akasema, "Mama Keji, ulituambia jana. Na juzi pia." Nikamwambia basi kesho asije, maana nitamwambia tena.

Siwezi kutulia. Nimekaa, nimesimama, nimekunja nguo zako ambazo ulikuwa umeshazikunja mwenyewe. Nimefungua redio ndogo ya baba yako nikijua kabisa kwamba redio yenu haishiki hapa, nikaisikiliza ikikwaruza, na nikafurahi hata na huko kukwaruza. Mtoto niliyemfundisha kusoma kwa vibandiko vya mifuko ya unga anaenda kulipwa kwa kusoma! Ningekuwa bado Kitale ningepanda juu ya paa.

Sitakuandikia mambo ya nauli, ya kufunga mlango, ya kula kabla ya kumeza dawa. Hayo nimekuambia tangu Jumatatu mpaka ukaanza kuyasema pamoja nami, kwa sauti yangu, na mkono kiunoni. Nataka kukuandikia juu ya lile ulilosema jana mezani.

Amu Wani alikuwa amekuja kukuaga na lile tikiti lake kubwa. Tangu baba yako afariki, huyu mdogo wake hajawahi kuingia nyumbani kwetu mikono mitupu. Akakuuliza, "Sasa hiyo kazi yenyewe ni nini? Iko unasoma habari kwa redio?"

Ukamweleza vizuri, kwa upole, kama mwalimu. Kwamba redio ina ukurasa wake mtandaoni, na chini ya kila habari wasikilizaji wanaandika maoni yao, na wewe ndiye utakayekuwa unayasoma na kuondoa matusi. Kwamba mkuu wako amechoka na matusi hayo na anataka sehemu nzima ya maoni ifungwe. Lakini kwanza amekutaka wewe, kwa kuwa ni mgeni na macho yako bado hayajazoea, usome kwa wiki moja kisha uandike ukurasa mmoja: yabaki au yafungwe. Utakachoandika ndicho watakachofanya. Na yakifungwa wewe hukosi kitu, watakupa kazi ya kutafsiri habari.

"Na utawaambia nini?" nikakuuliza.

"Wafunge," ulisema hata kabla hujameza. "Waitie kufuli. Hakuna kitu kizuri kilichowahi kuandikwa pale chini."

Amu Wani akaweka kijiko. "Ya Keji! Wafunge? Sasa mimi asubuhi iko nagombana na nani juu ya mpira?"

"Gombana na mke wako."

"Huyo kalas, basi, alinishinda zamani."

Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Lakini nilikuona ukisugua ukingo wa meza kwa kidole gumba, namna ulivyokuwa ukifanya ukiwa na miaka kumi na mitano. Najua sentensi ile ilitoka wapi. Haikutoka Nairobi. Ilitoka katika wiki tuliyomzika baba yako. Nikanyamaza, kama nilivyonyamaza miaka minane. Leo sinyamazi, kwa sababu wiki ijayo utaanza kuwasoma watu wengi, na ungali hujasoma kilichoandikwa juu yako.

Lakini lazima nianze na kosa langu, la sivyo hutaelewa.

Unamjua Kiden wa mtaa wa Lemon Gaba, rafiki yangu anayechechemea mguu wa kushoto. Umekuwa ukiamini, kama kila mtu, kwamba aliungua kwa bahati mbaya akiwa kazini. Ni kweli alikuwa kazini. Kila asubuhi alikaanga zalabia, yale maandazi yake, kando ya barabara, na foleni yake ilianza kabla ya mafuta kupata moto. Mume wake, Mwalimu Elia, alikuwa amesafiri kwenda Nimule kuchukua vitabu vya shule. Basi alilorudi nalo lilipinduka njiani.

Mimi nilipata habari mapema. Mteja mmoja aliyetoka njia hiyo aliingia mkahawani, akakaa bila kuagiza chochote, akaniambia kwamba Mwalimu ni mmoja wa waliofariki. Kisha akaongeza, "Wazee wanajua. Wameenda Gudele kumchukua kaka yake Kiden, ndipo waende kwake."

Nilielewa maneno yale. Nilikuwa nimeishi na watu wa baba yako miaka ya kutosha. Habari ya msiba haitupwi kwa simu. Wanakuja watu, na mmoja wao awe wa damu yako. Wanauliza watoto wako wapi na kama wamekula. Mwanamke mmoja anaipua sufuria motoni, mwingine anakaa ubavuni mwako. Ndipo mkubwa wao anafungua mdomo. Na mpaka saa hiyo ifike, mtaa mzima unaweza kuwa unajua, na watu wakapita mbele ya mlango wako wakikusalimia kama kawaida, huku wamekusitiri. Nilipokuja hapa kutoka Kenya niliona ni unafiki. Ilinichukua muda kuona ni kazi, na ni kazi ngumu.

Nilijua yote hayo. Lakini nilikuwa na simu mkononi. Bwana Taban, yule aliyekuwa na duka la kutoa kopi, ndiye aliyekuwa akiendesha ukurasa wa habari za mtaa wetu. Alikuwa ameweka picha ya lile basi, na chini yake watu walikuwa wanauliza: Ni akina nani? Kuna anayejua? Jamani mwenye habari atuambie.

Na mimi nilikuwa najua.

Keji, nitakuambia nilichohisi, maana utakutana nacho kila siku ya kazi yako. Nilifurahi. Sikufurahia kifo, Mwalimu Elia nilimpenda, ndiye aliyekusahihishia ile insha ya mbuzi aliyekula gazeti. Nilifurahi kwa kuwa nilikuwa na kitu ambacho wote wale walikuwa wanakitaka. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Nikaandika: "Pole sana dada yangu Kiden. Mwalimu Elia alikuwa mtu wa watu. Mungu akutie nguvu." Nikaweka na vile vimikono vya kuomba. Watu wakaanza kuandika Amina chini yangu, wakinishukuru. Nikaona nimefanya wema.

Kiden alikuwa mbele ya karai la mafuta. Simu ililia, maana nilikuwa nimemtaja jina, akaifungua kwa mkono wenye unga. Aliinuka bila kujua anaelekea wapi, na goti lake likagonga karai. Wazee walipofika na kaka yake, walikuta wanawake wa jirani wanammwagia maji mguuni. Walikuwa wamebeba maneno yao kutoka Gudele, wakayakuta yameshafika.

Jioni ile nilifuta maoni yangu. Nikaenda msibani, nikakanda unga na kuosha masufuria siku tatu, nikafanya kazi kuliko wakwe zake, kwa sababu niliogopa kuachwa nimekaa karibu naye. Sikumwambia mtu yeyote. Hata baba yako.

Miezi ikapita. Siku moja Kiden aliingia mkahawani na fimbo yake, akaagiza chai, akasubiri mpaka watu wakapungua. Unajua Kiswahili chake, cha kule Arua alikokulia ukimbizini. Akasema, "Mama Keji, mimi iko nilisoma jina yako. Kabla ufute."

Nikaanza kulia.

"Wacha. Mimi sitaki ulie. Mimi nataka ujue tu. Habari kama ile, watu wanabeba wengi. Wewe ulinibebesha mimi peke yangu."

Akamaliza chai yake yote, akauliza kama kuna chapati. Hajawahi kuligusa tena jambo lile mpaka leo. Mimi ndiye ninayeligusa, kila nimwonapo akivuka barabara.

Kwa hiyo unaposema "watu wa maoni," kana kwamba ni kabila fulani linaloishi ndani ya simu, mimi najua mmoja wao. Ndiye aliyekupikia uji leo asubuhi.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wako wa sukari. Unakumbuka? Mlikuwa mmesoma juu ya sukari katika somo la sayansi, ukarudi nyumbani umekunja uso kama daktari mkuu. Baba yako alikuwa anatia vijiko vitano. Ulichukua mkebe wa sukari ukauficha nyuma ya cherehani, ukamfungulia daftari lako mbele yake na kumwonyesha mchoro wa jino bovu. Alikunywa ile chai ya kwanza kama mtu anayetumikia kifungo. Mimi nilikuwa na hakika kwamba anakudanganya. Kutwa nzima alikuwa anazunguka na gari lake la tangi la maji, Gudele, Lemon Gaba, kila lango lina mama mwenye birika. Nilimuuliza mara nyingi, "Huko Gudele wanakutilia vijiko vingapi?" Alikuwa anacheka tu na kuvaa kofia yake. Nami nikaamini nimemkamata.

Kisha ikaja siku ile. Wewe ulikuwa shule. Mimi nilikuwa nakaanga vitunguu. Kiden akatokea mlangoni, jasho limemjaa, maana alikuwa ametembea na mguu ule. Akasema, "Nipe simu yako, yangu imezima." Nikampa. Akaitia kifuani. Akachukua kitambaa, akaipua yeye mwenyewe sufuria yangu, akaiweka chini. Akamgeukia mteja pekee aliyekuwapo, "Malesh, pole baba, leo mkahawa imefunga." Akaja akakaa ubavuni mwangu, akanishika kiuno.

Nilimwona akifanya mambo hayo, moja baada ya jingine, na nikajua. Kabla ya Amu Wani kuingia na wale wazee wawili, kabla hajavua kofia, nilikuwa nimejua. Lakini mwanangu, kujua huku mtu amekushika kiuno ni kitu kingine kabisa. Kiden mwenyewe hakukipata. Alikipata wapi hicho cha kunipa mimi, sijui.

Baadaye ndipo niliposikia alikopitia kwanza. Alikuwa amepitia dukani kwa Bwana Taban. Picha ya tangi lililolala mtaroni kule kwenye mteremko wa Jebel ilikuwa imeshawekwa, na watu walikuwa wameshaanza kuuliza ni la nani. Kiden alisimama kwenye mlango wa duka akamwambia, "Funga hiyo maoni. Funga mpaka mimi nirudi."

Bwana Taban akasema, "Mama, watu wana haki ya kujua."

"Wako na haki, ndiyo. Lakini mke yake iko na haki ya kwanza."

Akafunga. Na baada ya mazishi alikuja mwenyewe hapa nyumbani, akakaa kwenye lile benchi la nje, akaniuliza kama anaweza kufungua. Nikamwambia afungue.

Sasa tumefika pale ulipo wewe. Jioni ile ulichukua simu yangu, ukafungua ukurasa, ukasoma maoni ya kwanza kabisa. Yalikuwa ya mtu aliyejiita Mkweli. Hakuweka picha yake. Aliandika: "Madereva wa maji wote ni walevi. Huyu alikuwa amelewa, ndiyo sababu." Ukaitupa simu kitandani. Ukaniambia, "Mama, usiniambie tena neno lolote lililoandikwa humo. Lolote. Niahidi." Nikakuahidi.

Nilikutii. Ninakuomba radhi kwa utii ule, kwa sababu ulikuwa rahisi. Kumzungumzia baba yako kulikuwa kugumu, na wewe ulinipa ruhusa ya kunyamaza. Kosa langu la kwanza lilichukua dakika moja. Hili la pili limechukua miaka minane.

Maana mimi niliendelea kusoma, Keji. Kwanza nilikaa nikimwandikia Mkweli. Nilimtafutia matusi ya Kitale ambayo nilikuwa sijayatumia tangu usichana, nikaandika, nikafuta, nikaandika makali zaidi. Na huku mimi nikichagua matusi, watu walikuwa wanaingia mmoja mmoja chini yake. Mtu mmoja aliandika kwamba baba yako alikuwa anapiga honi tatu fupi na moja ndefu, na mtoto wake mdogo alijifunzia kuhesabu hapo. Mwingine alisema kila Jumanne alikuwa anaumwagia maji mlimau wake bila kuombwa, na kwamba mlimau sasa unazaa. Kuna aliyekuwa naye kambini Uganda wakiwa wavulana: "Alikuwa kipa mbaya kuliko wote na hakukubali kutoka golini." Nilicheka peke yangu chumbani, nimevaa nguo za msiba. Mama mmoja wa Lemon Gaba aliandika neno moja tu, "Maji," hakuongeza kitu. Nililitazama neno lile muda mrefu. Nadhani alikuwa amekaa mbele ya mapipa yake.

Na kisha akaingia mwanamke anayejiita Mama Josefina wa Gudele. Hakuandika kwangu. Alimjibu Mkweli. Nimeyanakili maneno yake kama yalivyo:

"Wewe unajiita Mkweli, sikiliza mimi. Asubuhi hiyo yeye alisimama kwa lango yangu, akajaza pipa mbili. Nikampa chai ya karkade kwa kikombe. Nikataka kutia sukari, akafunika kikombe na mkono. Akasema hapana, binti yangu Keji amekataza, amesoma kwa kitabu. Nikamwambia, Keji haiko hapa, haoni. Akasema, lakini mimi iko naona. Akacheka, akakunywa hiyo kitu chungu yote. Akasema breki inalia, akitoka kwangu anapeleka gari kwa fundi. Hiyo ndiyo pombe alikunywa. Sasa ongea tena."

Nimeweka kalamu chini hapa kidogo. Nimerudi.

Askari walikuwa wamenipa saa na mahali. Wenye vibanda vya pale Jebel walikuwa wameniambia kwamba alilikata gari kuelekea mtaroni ili lisiwafikie. Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba asubuhi ile alicheka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba sukari hakuigusa. Mimi, mke wake, nilikuwa nimekosea juu ya vijiko vile, na ningeendelea kukosea hadi kufa. Na wewe, mwanangu, umekaa miaka minane ukiamini kwamba pale chini kuna mtu mmoja tu anayesema baba yako alikuwa mlevi, wakati hatua chache chini yake baba yako amesimama langoni, amefunika kikombe kwa mkono, anakutii.

Kesho yake maneno ya Mkweli hayakuwapo. Sijui kama alifuta kwa aibu au Bwana Taban alimfutia. Lakini mimi nilikuwa nimeshayanakili, nayo yamo katika daftari ninalokupa, pamoja na mengine. Nilifikiria kuyakata kwa mkasi. Nikayaacha. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikikanda unga, na bado linanishangaza: kama yule hangesema uongo wake, Mama Josefina hangefungua mdomo. Angebaki na kile kikombe Gudele. Angedhani sisi tunajua.

Sisemi tumshukuru Mkweli. Bado nina tusi moja la Kitale nimemhifadhia.

Daftari nimelifunga ndani ya sweta yako ya kahawia. Ni lile la hesabu la bluu, la miraba, ulilokuwa umeacha nusu. Ni vizuri nililitumia, maana Bwana Taban alifunga duka akarudi Arua, na ukurasa ule siku hizi haufunguki. Maneno yote yale ya watu yangekuwa yamekwenda. Nataka ulisome basini, kukiwa na mwanga na watu pembeni yako. Usilisome ukiwa peke yako katika chumba kipya. Kiden ndiye aliyesema hivyo nilipomwambia ninakupa, akasema, "Hata hiyo nzuri, asibebe peke yake."

Najua utaniambia, Mama, hao walikuwa watu wanaojuana, mtaa mmoja, huko Nairobi ni bahari ya watu. Ni kweli. Najua pia kwamba mengi utakayosoma ni takataka. Mimi mwenyewe nimesoma mtu akiwashauri wenzake watibu kuhara kwa mafuta ya taa, na watu wanamshukuru. Na yako maneno mengine, wewe umekulia hapa, unayajua, ya watu wa kabila hili juu ya watu wa kabila lile, yanayoanza kwenye simu asubuhi na jioni yanatembea barabarani na mapanga. Hayo ukiyaona usibishane nayo wala usiwaze haki ya nani. Futa. Futa kabla hujamaliza kusoma, na unawe uso.

Lakini ukiandika ule ukurasa wako, usiandike tu kwa mkono wa yule msichana aliyetupa simu kitandani. Nampenda yule msichana. Alisoma mstari mmoja. Mpe asome hadi chini.

Na nina kitu kimoja nataka uwaombe. Waambie kwamba chini ya habari yoyote yenye ajali au kifo, maoni yasifunguliwe mpaka mtu wa redio apige simu na kuuliza: je, wa nyumbani wameshaambiwa? Kuna mtu amekaa karibu nao? Wakisema ndiyo, fungua, watu waingie na honi zao na milimau yao. Wakisema bado, ngojeni. Hata kama watu wanapiga kelele kwamba wana haki ya kujua. Mkuu wako akishangaa umetoa wapi wazo hilo, mwambie limetoka kwa mwanamke wa Lemon Gaba anayekaanga zalabia. Mwambie alimfunza mama yako, na ada yake ilikuwa mguu.

Hebu fikiria, Keji! Ningekuwa na mtu kama wewe siku ile, amekaa kati ya vidole vyangu na simu ya Kiden. Mtu mmoja tu, mwenye subira, wa kuniambia, mama, ngoja saa mbili. Ningekasirika, ningekuita mtoto asiye na adabu, na Kiden angekuwa anatembea vizuri. Ndiyo kazi unayoenda kuifanya. Hakuna atakayejua kwamba umeifanya. Nimefurahi mpaka nimesahau ugali wangu jikoni, na sasa nasikia harufu ya ukoko. Baba yako angeula.

Na kama utasoma daftari lote, na wiki nzima ya maneno ya Nairobi, halafu bado ukaona heri wafunge, andika wafunge. Sitabisha. Utakuwa umesoma hadi chini, na mtu aliyesoma hadi chini namwamini. Ila Amu Wani tutamfungia wapi, hilo ulitafutie jibu wewe.

Nasikia sauti yako njiani. Unacheka na binti wa Amu Wani, na mmesimama langoni mnamwonyesha mtu nywele. Nina dakika mbili.

Kuanzia Jumatatu nitaingia kwenye ukurasa wenu kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, na nitaandika jambo chini ya habari yoyote nitakayoikuta, hata kama ni ya bei ya mahindi. Jina litakuwa Mama Keji, Juba Na Bari. Nikiandika upuuzi, nifute bila huruma, nimeshazoea. Lakini siku yoyote utakapolipita jina hilo katikati ya majina yote yale, hata kama kazi imekuzidi na hujaweza kujibu, nikumbuke.

Mama yako